Ngiri na Timu ya Kinyumenyume

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnajibu kama wagonjwa? Na nyie wakubwa mlioegemea ukuta huko nyuma, msijifanye mmewasindikiza watoto tu. Nawajua. Jibuni na nyie. Paukwa!

Pakawa!

Naam, hapo sawa. Palikuwa na bonde, palikuwa na vumbi, palikuwa na watoto wasiosikia. Si nyinyi. Wengine.

Hapo zamani za kale, wanyama wa Bonde la Mivumo walichoshwa na watoto wao. Ilikuwa kiangazi. Nyasi zimekauka, maji yamebaki kidimbwini, watoto hawana la kufanya. Asubuhi wanatikisa viota vya ndege. Mchana wanazomea wapita njia. Jioni wanarudi nyumbani na vidonda magotini, na kila mama anaamini kwamba mwanawe ndiye aliyechokozwa.

Wazazi wakaitana. Wakasema, "Watoto hawa wapewe mchezo. Wacheze mpira. Atafutwe wa kuwafundisha."

"Sawa kabisa!" wote wakaitikia.

"Haya, nani atawafundisha?"

Twiga akatazama mawingu, na siku hiyo hapakuwa na wingu hata moja. Pundamilia akaanza kukagua mistari yake. Mama Swala, ambaye ndiye aliyeleta wazo lenyewe, akakumbuka kwamba ana mgonjwa wa kwenda kumtazama.

Hapo akasikika mtu akikohoa. Kho! Kho! Alikuwa Ngiri.

Sasa ngojeni niwape habari za Ngiri. Sura yake, bila kumsengenya, haikuwa ya kuwekwa kwenye kalenda. Uso una vinundu, meno yamechomoza nje, na akila majani hupiga magoti kama anayeyaomba radhi. Hana mke, hana mtoto. Akifika shimoni kwake hubisha mwenyewe, "Hodi!" halafu hujijibu mwenyewe, "Karibu!" ili tu pasiwe kimya. Tangu azaliwe hakuna aliyempa kazi ya maana, wala kumwomba ushauri hata wa njia.

"Mimi nitawafundisha," akasema Ngiri.

Wazazi wakatazamana. Mama Swala akauliza, "Wewe Ngiri, mpira unaujua?"

"Ninajua kukimbia. Nimewahi kukimbizwa na Simba, na nimesimama hapa mbele yenu. Yuko mwingine?"

Hakuwepo mwingine. Wakamkabidhi watoto haraka haraka kabla hajabadili nia, wakaondoka kwenda kulala. Hata asante hawakusema.

Kesho yake asubuhi watoto wakapanga mstari uwanjani. Mstari wenyewe ulikuwa kama mkia wa nyani, unakwenda kila upande. Wakaimba, "Shikamoo, Kocha!"

Kocha! Jamani, Ngiri hakuwahi kuitwa hivyo. Mkia wake ukasimama wenyewe, tii!

"Marahaba," akasema. "Hebu mniamkie tena, sikusikia vizuri."

Alikuwa amesikia vizuri sana.

Basi akaweka mpira katikati. Ulikuwa mpira wa majani ya mivumo, ile miti mirefu ya bondeni inayofanana na minazi, umesukwa, umekazwa kwa kamba. Akapiga kelele, "Haya, chezeni!" Loo! Watoto wote wakauvamia. Wote. Hata makipa. Vumbi likatimka, miguu juu, masikio chini, huyu anamkanyaga yule, yule anamng'ata huyu. Mpira ukatoka kwenye rundo, ukabingirika pembeni, ukatulia peke yake. Rundo likaendelea kupigana kwa muda mrefu tu.

Katika watoto hao, watatu mtawasikia sana leo, kwa hiyo wajueni mapema.

Wa kwanza ni Tuma, binti wa Mama Swala. Huyo ana mbio! Tatizo lake ni moja, akianza kukimbia hajui pa kusimama. Siku ya kwanza alipewa mpira akapita nao goli, akapita nao mivumo, akapita nao mto, akarudi baada ya chakula cha mchana.

Wa pili ni Sindano, mtoto wa Nungunungu. Kila mpira ukimgusa unanasa kwenye miiba ya mgongoni, na yeye mwenyewe hana habari. Utamkuta anazunguka uwanja mzima, "Mpira uko wapi? Jamani, mpira uko wapi?" Wenzake wanacheka mpaka wanakaa chini.

Wa tatu ni Bofulo, mtoto wa Kiboko. Bofulo alikuwa mnene, alikuwa mpole, na alikuwa mzito wa kusikia na wa kuinuka. Nyumbani kwao kutwa anagombezwa. "Bofulo, amka! Bofulo, husikii? Bofulo, umekuwaje wewe?" Uwanjani akikimbia kidogo hulala. Puu! Siku ya kwanza alipolala, watoto wakamngojea Kocha amgombeze. Ngiri hakumgombeza. Alikwenda akasimama karibu yake, akamkinga jua, akangoja. Bofulo alipomaliza kupumzika, Ngiri akamwambia, "Tayari? Twende." Bofulo akainuka. Tangu siku hiyo, neno la Ngiri kwa Bofulo likawa sheria.

Na wazazi je? Mnadhani walibaki nyumbani? Ndiyo kwanza wakapata pa kwenda. Kila jioni wamejaa pembeni mwa uwanja, na kila mmoja ni kocha.

"Mpe Tuma mpira!" anapiga kelele Mama Tuma.

"Mama Tuma, Tuma amekwenda kunywa maji."

"Mpelekee hukohuko!"

Upande wa pili, Mama Bofulo naye, "Usimkimbize mwanangu, amekula sasa hivi!" Na baba yake Sindano anauliza kwa nini mwanawe hapigi vichwa. Ngiri anaitika, "Sawa, mama. Nimesikia, baba." Masikio yake yalichoka kabla ya miguu.

Lakini alikuwa na raha. Nasema kweli, alikuwa na raha. Alianza kuamka kabla ya jogoo, akaenda uwanjani peke yake, akaokota miiba mmoja mmoja ili isiwachome watoto. Siku moja alifika shimoni kwake jioni, akaingia, akalala, na asubuhi ndipo alipokumbuka kwamba alisahau kujibishia hodi.

Sasa sikilizeni kosa lake.

Ngiri alikuwa na elimu moja tu, na elimu hiyo ndiyo iliyomweka hai. Ngiri haingii shimoni kwa kichwa. Huingia kinyumenyume. Anatanguliza mkia, makalio yanafuata, na uso unabaki mlangoni, meno nje. Adui akija, anakutana na meno. Ndivyo alivyomshinda Simba. Basi akajiambia, kama jambo hili limenifaa mimi, litashindwaje kuwafaa watoto?

Akawakusanya. "Watoto, adui akija na mpira, mnafanyaje?"

"Tunakimbia!" akasema Tuma.

"Hapana! Mnarudi kinyumenyume. Mkia juu, uso mbele. Na mnaimba hivi." Akawafundisha wimbo. Nanyi mtaniitikia, msiniache nikaimba peke yangu kama mwendawazimu.

Nyuma nyuma, mkia juu!

Adui aje, atuone meno!

Nyuma nyuma, mkia juu!

Adui aje, atuone meno!

Watoto wakarudi nyuma. Tuma akajikwaa, pu! Sindano akarudi nyuma, wenzake wote waliokuwa nyuma yake wakapiga mayowe, na sababu mnaijua. Bofulo hakuwa na mkia wa kuinua, alikuwa na kijimkia tu pale nyuma, lakini alikiinua kwa moyo wake wote. Ngiri akaridhika. "Safi sana!" akasema.

Ikafika siku ya mechi. Walicheza na watoto wa Kilimani, timu ya Kocha Nyani. Huyo Nyani alikuwa na sauti, alikuwa na kifua, na kila mtoto wake akikosea alifinywa sikio. Watoto wa Kilimani walicheza vizuri huku wameshika masikio yao.

Mwamuzi Korongo akasimama kwa mguu mmoja, akapuliza filimbi. Pii!

Kilimani wakaja na mpira. Ngiri akapiga kelele, "Kinyumenyume!" Timu nzima ikainua mikia, ikaimba, ikarudi nyuma. Ikarudi. Ikarudi. Ikaingia golini mwake yenyewe, wote, na mpira ukiwa katikati yao.

Goli!

Mpira ukawekwa kati. Kilimani wakaja tena. Nyuma nyuma, mkia juu! Goli! Wakaja tena. Goli! Mwishowe watoto wa Kilimani hawakuwa na kazi ya kupiga mpira. Waliusukuma kidogo tu katikati ya watoto wa Bonde, wakasimama, wakawatazama wakijifunga wenyewe kwa wimbo mzuri kabisa.

Kocha Nyani alicheka hadi akaanguka kutoka kwenye jiwe lake. Wazazi wa Bonde hawakucheka.

"Wewe Ngiri," akasema Mama Tuma, "umetuaibisha. Kuna marudiano kabla ya mvua za vuli. Mkifungwa tena, kila mzazi anachukua mtoto wake, na timu imekufa."

"Ni kweli!" wakasema wengine. Mama Bofulo naye akatikisa kichwa, akakubali.

Kocha Nyani akajipangusa machozi ya kicheko. "Huyo Swala nipeni mimi hata leo," akasema. "Hao wengine watafutieni kazi nyingine."

Ngiri akanywea. Hakuogopa kufungwa. Aliogopa asubuhi. Aliogopa kuamka siku moja asisikie "Shikamoo, Kocha," asiwe na mwiba wa kuokota wala mtoto wa kumngojea. Aliwapenda watoto wale, na hakuwa na watoto wengine.

Na mtu akishikwa na woga, mnajua anachofanya? Anashikilia lilelile analolijua, kwa nguvu zaidi. Mazoezi yakawa makali. "Kinyumenyume! Tena! Mkia juu, Tuma! Tena!" Kicheko kikakoma uwanjani. Sindano akiuliza mpira uko wapi, hakuna anayecheka. Ngiri mwenyewe akaanza kusikia sauti yake inafanana na ya mtu fulani wa Kilimani, lakini akajitia hamnazo.

Siku moja Tuma akarudi nyuma, akajikwaa, akaanguka vibaya. Pu! Goti likachubuka. Hakuinuka mara moja.

"Tena!" akasema Ngiri.

"Kocha," akasema Tuma, "nikirudi nyuma sioni ninakokwenda."

"Na mimi je, nikiingia shimoni naona?"

"Huoni, Kocha. Lakini wewe una meno. Mimi nina miguu."

Ngiri akakasirika, tena sana. Akasema, "Mazoezi yameisha. Nendeni nyumbani." Watoto wakaondoka bila kukimbizana.

Alipobaki peke yake, Ngiri akatazama huku, akatazama kule. Hapakuwa na mtu. Basi akajaribu kuruka kama Tuma anavyoruka. Akachukua mbio, akakunja miguu, akaruka. Tifu! Alitua kwa pua. Akajaribu tena. Tifu! Alikaa chini amejaa mchanga puani, magoti yanawaka moto, na ndipo akaelewa alichokuwa anamfanyia yule binti kila siku. Aliona haya.

Asubuhi watoto walikuja wamenyong'onyea. "Shikamoo, Kocha," wakasema chini chini.

"Marahaba. Leo mimi siwafundishi. Leo mnanifundisha nyinyi. Kila mmoja anionyeshe, ukikimbizwa na adui, wewe na mwili wako, unafanyaje?"

Watoto wakatazamana. Wakadhani amepata homa. Tuma akajitokeza, akaruka, hap! hap! hap! akakata kushoto, akakata kulia, akapotea, akarudi.

"Sasa wewe, Kocha!"

Ngiri akaruka. Tifu!

Sindano akageuza mgongo, akasimamisha miiba, kachakachakacha! "Sasa wewe, Kocha!" Ngiri akasimamisha nywele zake za mgongoni. Zilikuwa chache, zikainama. Watoto wakaanza kucheka. Kisha ikawa zamu ya Bofulo.

"Mimi, Kocha," akasema Bofulo polepole, "nakaa."

"Unakaa tu?"

"Nakaa. Halafu adui anachoka."

Akakaa. Ngiri akamsukuma kwa kichwa, Bofulo hakutikisika. Akamsukuma kwa makalio, hakutikisika. Akamwita Tuma, akamwita Sindano, hapana, Sindano akaombwa abaki palepale alipo, wakamsukuma timu nzima wakihema, na Bofulo akawa anatafuna jani. Watoto wakacheka. Wakacheka hadi wakagaagaa, na Ngiri akacheka pamoja nao, hi hi hi, huku mkia umesimama. Siku ile hawakufanya zoezi hata moja, na ndiyo siku timu ilipozaliwa.

Tangu hapo kila mtoto akacheza kwa miguu aliyopewa. Tuma akafundishwa jambo moja tu, mahali pa kusimama. Bofulo akawekwa golini, akaambiwa, "Kaa." Alipokaa, goli lilijaa, na upepo wenyewe ulipita kwa shida.

Siku ya marudiano ikafika. Mechi ya kufa na kupona! Bonde lote lilikuja, Kilima chote kikaja. Mama Tuma alikuja na sauti mbili, ya kwanza ikikauka aitumie ya pili. Korongo akapuliza, pii!

Kilimani wakaja na mpira, wakitegemea kuonyeshwa mikia. Hawakuonyeshwa. Tuma aliwapokonya, hap! hap! akaondoka. Kilimani walipoupata tena, wakapiga golini, ukagonga Bofulo, ukarudi. Wakapiga tena, ukagonga Bofulo, ukarudi. Bofulo hakujua hata kama ameokoa. Alikuwa amekaa.

Kisha Kilimani wakapata goli, la kupenya chini ya kwapa la Bofulo alipokuwa anapiga chafya. Moja bila. Wazazi wa Bonde wakashika vichwa.

Tuma akapiga mpira mrefu mbele. Ukapotea. Watoto wa Kilimani wakatafuta, watoto wa Bonde wakatafuta, Korongo akashusha mguu wake wa pili ili atafute vizuri. Sindano akatafuta kuliko wote. "Mpira uko wapi? Jamani, mpira uko wapi?" Akatafuta kushoto, akatafuta kulia, akaona goli la Kilimani liko wazi, akaingia ndani kuangalia kama haumo humo.

Pii!

"Goli!" akasema Korongo.

"La nani?" akauliza Sindano.

Mpira ulikuwa mgongoni mwake, umenasa barabara. Moja moja! Kocha Nyani alipiga kelele kwamba si haki, akafinya sikio lililokuwa karibu, kumbe lilikuwa lake mwenyewe.

Muda ukayoyoma. Jua likaegemea mivumo. Sare haikuwa kufungwa, na Ngiri alilijua hilo. Sare ilimaanisha watoto wanabaki. Alisimama pembeni, akiliomba jua lizame upesi.

Kilimani wakaja kwa mara ya mwisho, wote kwa pamoja. Wakapiga shuti. Bofulo akapanua mdomo, am! akaudaka mpira kwa meno. Ameudaka! Kilichobaki ni kukaa tu. Watoto wa Kilimani wakamrukia kwa mayowe, vumbi likapanda, Ngiri akawaona wale maadui wanamjia yule mtoto, akasahau kila kitu. Akasahau meno na miguu. Woga wa zamani ukamrudia, na mdomo wake ukapiga kelele peke yake:

"Bofulo! Kinyumenyume!"

Bofulo alisikia. Yule aliyekuwa hasikii nyumbani, uwanjani alimsikia Kocha wake. Akainuka, akainua kale kamkia kake, akarudi nyuma hatua moja. Nyuma yake kulikuwa na mstari wa goli.

Pii! Piii! Piiii!

Mbili moja. Mechi ikaisha hapo.

Kilimani wakalipuka kwa shangwe. Upande wa Bonde, Mama Bofulo alikuwa wa kwanza kuingia uwanjani. "Zezeta wee!" akamfokea mwanawe. "Mpira umeshaushika, unarudi nao nyuma unakwenda wapi? Umetupoteza wote!" Na wazazi wengine wakadakia, huyu mtoto mzito, huyu mtoto hafai, nani alimweka golini? Bofulo alikuwa bado ana mpira mdomoni. Hakujua kama anaruhusiwa kuutema.

Ngiri angeweza kunyamaza. Kelele zilikuwa nyingi, na wengi hawakuwa wamesikia nani aliita nini. Angenyamaza, lawama zingemwangukia mtoto, na yeye labda angepewa nafasi nyingine. Alilijua hilo pia.

Akaingia katikati ya uwanja. "Bofulo hakukosea," akasema.

"Nini?"

"Bofulo hakukosea. Mimi ndiye niliyemwita arudi nyuma. Alikuwa ameshaokoa, mimi nikaogopa, nikapiga kelele, naye akanitii. Goli hili ni langu. Msimguse." Kisha akamgeukia mtoto, akapiga magoti mbele yake kama anavyofanya akila. "Nisamehe, Bofulo. Ulidaka vizuri sana."

Bofulo akatema mpira.

Lakini maneno ya wazazi yalikuwa yamekwisha kusemwa. Kila mzazi akamshika wake. Tuma alivutwa akigeuka nyuma, Sindano akaondoka akilia, na uwanja ukabaki mtupu. Ngiri akaenda shimoni kwake. Hakujibishia hodi wala hakujikaribisha.

Asubuhi aliamka kabla ya jogoo, kwa mazoea. Akaenda uwanjani, kwa mazoea. Akaanza kuokota miiba, halafu akasimama, akajiuliza, "Naiokota kwa ajili ya nani?" Iliuma. Iliuma kuliko siku aliyokimbizwa na Simba, kwa sababu Simba alikuwa na mwisho.

Mara ardhi ikatikisika. Tindi! Tindi! Tindi! Alikuwa Mama Bofulo, na Bofulo nyuma yake.

"Kocha," akasema Mama Bofulo.

Ngiri akageuka kuangalia kama kuna mwingine anayeitwa. Hapakuwa na mwingine.

"Jana nilimwita mwanangu zezeta mbele za watu," akasema Mama Bofulo. "Mimi, mama yake. Halafu wewe, ambaye huna undugu naye, ukapiga magoti. Tulipofika nyumbani nikamwomba radhi. Sikuwahi kumwomba mtoto radhi, sikujua hata maneno yenyewe yanaanzia wapi. Ikabidi aniambie yeye alivyosikia kwako." Akamsukuma Bofulo mbele kidogo. "Mchukue."

"Lakini tumefungwa, Mama Bofulo."

"Nilikuwepo. Niliona. Mchukue nikalale."

Kabla Ngiri hajajibu, hap! hap! hap! Tuma huyo. Mama yake alikuwa mbali nyuma, anahema, na alianza kuzungumza kabla hajafika. "Nimemleta kwa sababu nyumbani amekwisha kanyaga mtama wote. Usidhani nimekusamehe. Na nina swali, kwa nini mwanangu si nahodha?" Nyuma yake akaja Sindano na baba yake, na watoto wengine wanapiga miayo, na wazazi wao wanatazama pembeni kama watu waliopita tu njia hiyo. Ukweli ni kwamba usiku mmoja tu wa kukaa na watoto wanaolilia mpira uliwatosha.

Watoto wakapanga mstari, kombo kama kawaida. "Shikamoo, Kocha!"

Ngiri akainama haraka, akajifanya anatafuta mwiba.

"Kocha," akauliza Bofulo, "unalia?"

"Nani? Mimi? Vumbi hilo."

"Vumbi lipi, Kocha? Mbona hatujaanza kukimbia?"

"Basi anzeni!"

Wakaanza, na vumbi likatimka kweli.

Funzo lenyewe ni hili, na wa nyuma mlisikie pia. Anayemfundisha mtoto amfundishe kwa miguu ya mtoto, asimfundishe kwa miguu yake mwenyewe. Na mkubwa akikosea, aseme amekosea, aliseme palepale mbele za watu, asimwachie mtoto mzigo wake.

Hadithi yangu imeishia hapo. Kama kuna mzazi imemchoma, asinikasirikie mimi. Kesho asubuhi aende uwanjani, akafundishe yeye.